Kwanini hakumwambia? Jibu kwa dada aliyelia na Christmas in August

Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Juzi nimeangalia Christmas in August na mume wangu. Mi nimelia mpaka kwikwi, yeye ananicheka, anasema huyo jamaa ni mjinga, anajua anakufa halafu hamwambii yule binti, anamwacha anazunguka mlangoni kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Naomba unisaidie, huo ni utamaduni wao, ni skripti mbovu, au mimi ndo sijaelewa? Na kwanini muvi za mapenzi za Korea lazima mtu afe?"

Dada, salama kabisa, na pole na kwikwi. Nianze kwa kumtetea shemeji, maana hajakosea sana. Mtu unayempenda akiwa anakuja dukani kwako kila siku halafu siku moja umefunga, umelazwa, hujaacha hata ujumbe, hiyo kwa maisha ya kawaida ni kumtesa mtu, hata kama umetesa kwa upendo. Ila nadhani shemeji kakosea sehemu moja, tena ndo sehemu yenyewe. Yule jamaa alimwambia. Kamwambia kwa njia moja tu anayoijua, na wewe ulipolia bila kujua unalia nini, nahisi ulikuwa umesikia.

Kwa ambao hawajaiona (samahani naimwaga yote, muvi yenyewe ya 1998, mmepata muda wa kutosha). Jung-won ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana studio ndogo ya picha kwenye mtaa mtulivu, anaishi na baba yake mzee, mama alishafariki zamani. Anaumwa, hatapona, na ugonjwa wenyewe muvi haikutajii jina, haina muda na mambo ya madaktari. Darim ni binti anayefanya kazi ya kukamata magari yaliyopaki vibaya, kwahiyo anapiga picha za magari na lazima azisafishe haraka. Siku ya kwanza anaingia studio jua linawaka, ana haraka, jamaa ndo katoka msibani, kachoka, anamjibu mkato. Baadae anajisikia vibaya anamfuata nje na aiskrimu ya kijiti. Basi hapo ndo imeanza. Hakuna kubusu, hakuna mtu anamwambia mwenzake nakupenda, hakuna mama mkwe tajiri anayekuja na bahasha ya hela. Dakika 97 za watu wawili wanakula aiskrimu na kupiga stori, jamaa anamsimulia hadithi ya mzimu na ushuzi wakiwa wanatembea usiku, binti anaingiza mkono kwenye mkono wake. Hapo kwenye kile kimkono mi ndo huwa naanza kulegea.

Sasa ili uelewe kwanini hakumwambia inabidi ujue muvi ilitokea wapi kichwani kwa dairekta. Hur Jin-ho, na hii ilikuwa muvi yake ndefu ya kwanza, alishaeleza kwamba wazo lilimjia baada ya kuona picha ya msibani ya mwimbaji Kim Kwang-seok aliyefariki Januari 1996. Wakorea kwenye msiba wanaweka picha kubwa ya marehemu mbele, utepe mweusi juu yake, watu wanaingia wanainama mbele ya ile picha. Na Kim Kwang-seok kwenye picha yake alikuwa anatabasamu. Fikiria, ukumbi mzima unalia, na mwenye msiba wake anawachekea. Hur akajiuliza, je kama kuna mpiga picha ambaye anajipiga mwenyewe picha ya aina hiyo? Swali la "atamwambia binti au hatamwambia" halikuwa ndo chanzo. Chanzo ni picha.

Ukiangalia tena na hilo kichwani muvi inabadilika kabisa. Kumbuka yule bibi. Familia nzima inakuja kupiga picha ya ukoo, watoto wanamwambia bibi apige na ya peke yake, wote tunajua ya nini ila hakuna anayetamka. Anapiga, wanaondoka. Usiku bibi anarudi peke yake, kavaa vizuri, anaomba apigwe upya maana hii ndo itakayowekwa siku yake. Jung-won anampiga kwa upole wa ajabu. Na mbeleni anakaa yeye mwenyewe kwenye kile kile kiti, anarekebisha miwani, anatabasamu, na kabla hujajiandaa ile picha inageuka kuwa ndo ile ya msibani. Yani kifo chake hatukioni. Hakuna kitanda cha hospitali na mashine inayolia tiiii, hakuna mtu anakimbia koridoni. Anatabasamu, kafa. Mi nimeangalia muvi nyingi sana za watu kufa na sijui nyingine iliyofanya hivyo kwa wepisi namna hii.

Halafu kipande cha deki. (Vijana wa siku hizi, deki ni ile mashine ya kanda za video, mama zenu walikuwa wanaifunika kitambaa cha kufuma.) Jung-won anamfundisha baba yake kutumia rimoti, kwa sababu yeye ndo huwa anamwekea mzee kanda na karibu hatakuwepo. Mzee anabonyeza kitufe sicho, anarudia, anakosea, anarudia tena anakosea, mpaka kijana anapata hasira anatoka anarudi chumbani. Hasira ya nini? Sio ya rimoti dada. Baadae anakaa anaandika maelekezo kwenye karatasi, namba moja fanya hivi, namba mbili bonyeza hapa. Anafanya vile vile kwa mashine ya kusafishia picha studio. Mi kile kipande kinanimaliza kuliko mapenzi yote ya humo ndani, maana kila mtu mwenye mzazi mzee alishawahi kumkaripia kwa ajili ya simu halafu usiku akashindwa kulala.

Sisi tuna neno zuri sana hapa, wosia. Muvi nzima ni mtu anaandika wosia ila haandiki kwa mwanasheria. Baba anaachiwa karatasi ya rimoti. Studio inaachiwa karatasi ya mashine. Msiba wake mwenyewe anauachia picha yenye tabasamu, ili watakaokuja kulia wamkute anacheka. Sasa Darim anaachiwa nini?

Rudi nyuma kidogo, kuna kitu watu wengi wanakipita. Pale studio kwenye dirisha la mbele kulikuwa na picha ya mwanamke mwingine, mpenzi wa zamani, yule aliyeolewa na mtu mwingine. Kuna siku anarudi mtaani, wanaongea kidogo, na anamwomba jamaa aitoe ile picha. Anaitoa. Kwahiyo muvi imeshakufundisha, kimya kimya, kwamba kwa huyu mtu dirisha la studio ndo kifuani kwake. Anayempenda anamweka pale mtaa mzima uone. Kama umekulia kwenye mji wenye studio moja ya picha unaijua hiyo, mi kwetu kulikuwa na picha ya bibi harusi mmoja ilikaa dirishani mpaka jua likaifanya ya bluu, na tulikuwa tunasema tu huyo mpiga picha ana lake jambo.

Mwisho wa muvi ni baridi, theluji, Darim anapita pale studio. Imefungwa. Anachungulia dirishani na anaona picha yake, ile aliyompiga Jung-won, imewekwa pale pale. Anatabasamu, anaondoka. Basi. Hiyo ndo barua dada. Kumbuka barua yenyewe ya karatasi aliiandika kweli, baada ya kutoka hospitali akakuta ya Darim aliyoichomeka mlangoni, akajibu, halafu hakuituma, akaifungia kwenye boksi. Shemeji ana haki ya kuwaka hapo. Ila ile ya dirishani aliituma, na ikafika.

Ubishi mkubwa uko hapa, na mi na rafiki zangu tumeshagombana kwa hili mpaka chai ikapoa: Darim anajua kwamba kafa au hajui? Muvi haisemi. Wako wanaosema anajua, ndo maana lile tabasamu limetulia. Mi nasema hajui. Anadhani jamaa kasafiri, au wamepishana tu kama watu wanavyopishana, na anafurahi kuona kwamba alipendwa. Na ukiichukua hivyo maumivu yote yanahama kutoka kwake yanakuja kwako wewe uliyekaa kwenye kochi, maana wewe ndo unajua. Ulilia kwa niaba ya mtu anayetabasamu. Ndo maana ulikuwa hujui unalia nini, haukuwa mjinga, umefanyiwa makusudi na mtu anayejua kazi yake.

Swali lako la utamaduni. Kuna ukweli kidogo, zamani huko Korea ilikuwa kawaida familia kuambiwa habari mbaya na daktari kabla ya mgonjwa mwenyewe, na wakati mwingine mgonjwa haambiwi kabisa. Ila hiyo na sisi si tunayo? Mara ngapi umesikia "mzee hajui, usimwambie"? Kwahiyo hapo hatuna cha kuwashangaa. Tena angalia, Jung-won hafichi sana kwa watu wote. Rafiki yake anamwambia kabisa wakiwa wanakunywa, anamwambia kama utani, jamaa anacheka anadhani ni mbinu ya kuongezewa chupa. Usiku huo huo wanaishia kituo cha polisi wakiwa wamelewa, wanaambiwa nyamazeni, na yeye ndo analipuka, anapiga kelele kwanini anyamaze. Mtu mpole muvi nzima, mara moja tu kelele, na anaipigia mahali ambapo hakuna anayeelewa. Halafu usiku mwingine analia ndani ya shuka na baba yake anasikia nje ya mlango, haingii. Mi nadhani kwa Darim alinyamaza kwa sababu ya ubinafsi mdogo unaosameheka, Darim ndo alikuwa mtu pekee anayemwona kama mtu wa kawaida, sio mgonjwa. Ukimwambia tu, kesho yake anakuja na uji wa chupa na macho mekundu. Alitaka miezi yake michache ya kuwa kijana tu mwenye studio. Sio sahihi sana, ila namwelewa.

Sasa la "kwanini lazima mtu afe". Hili lina historia ndefu na nitaipita haraka. Wakorea wana neno sinpa. Lilianzia kwenye maigizo ya jukwaani yaliyotoka Japani mwanzoni mwa karne iliyopita, Korea ikiwa inaingia ukoloni wa Mjapani, hadithi za binti anayegawanyika kati ya mpenzi maskini na tajiri, za kulazimishana, za kulia. Ikaingia kwenye muvi na ikakaa. 1968 kuna muvi inaitwa Love Me Once Again, mwanamke anazaa na mwanaume ambaye kumbe ana mke, analea mwenyewe, mwisho anamtoa mtoto aende kwa baba, ilijaza kumbi vibaya mno na ikazaa miendelezo. Siku hizi neno sinpa ni tusi, Mkorea akikwambia muvi ina sinpa anamaanisha inakukamua machozi kwa nguvu, muziki unapanda, mvua inanyesha, mtu anakohoa damu kwenye kitambaa cheupe. Wanailalamikia na wanaenda kuiangalia. Kama sisi na zile sizoni za kutafsiriwa, tunasema "hawa nao wamezidi" huku tunaulizia mwendelezo.

Uzuri wa Christmas in August ni kwamba imechukua stori ya sinpa kabisa, mgonjwa anayekufa na binti mzuri, halafu imekata vipande vyote ambavyo sinpa ingevipigia ngoma. Linganisha na The Letter, iliyotoka miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 1997: pale mume anakufa kwa uvimbe kwenye ubongo halafu barua zake zinaendelea kumfikia mke. Barua, unaona? Kitu kile kile. Ila moja barua zinafika zote na ukumbi unazama, nyingine barua inafungiwa kwenye boksi. Sisemi The Letter mbaya, niliilia hiyo pia, ila ni kilio cha aina nyingine, kile kinachoisha ukiosha uso.

Na Wakorea wenyewe waliipokea hii ya kimya. Muvi ilitoka Januari 1998, nchi ndo kwanza imechukua mkopo wa dharura wa IMF Desemba, watu wanapoteza kazi, ungesema nani ana muda wa muvi ya mtu anayekula aiskrimu. Wakajaa. Ilienda mpaka Cannes, lile tamasha kubwa la muvi la Ufaransa, kwenye Wiki ya Wahakiki, mwaka huo huo. Aliyeshika kamera, Yoo Young-gil, mkongwe aliyepiga muvi nyingi kubwa za huko, alifariki mwezi ule ule muvi inatoka, kabla haijafika kumbini. Hiyo sikwambii ili ulie zaidi, ila ukiangalia mwanga wa jioni ndani ya ile studio ukijua kwamba ilikuwa kazi yake ya mwisho, unaangalia tofauti. Studio yenyewe iko mji wa Gunsan, pwani ya magharibi, waliijengea muvi, ikabomolewa, baadae mji ukaijenga upya na sasa watu wanaenda kupiga picha mbele ya lile dirisha.

Waigizaji nao. Han Suk-kyu wakati huo ndo alikuwa moto wa Korea, mwaka unaofuata akacheza Shiri na bunduki zake, kwahiyo ni kama umchukue steringi umwambie leo hupigani, leo unaandika maelekezo ya rimoti. Ule wimbo wa mwisho kauimba yeye. Shim Eun-ha, yule Darim, miaka michache baada ya hapo akaacha kuigiza kabisa, hakurudi. Na sisi tuliolelewa na "steringi hafi" tukafundishwa na hawa kwamba steringi anaweza akafa katikati ya kukata picha, na muvi ikaendelea bila yeye, dakika kadhaa, mzee anafunga studio anapanda pikipiki anaenda zake.

Ukitaka kuendelea, usianze na A Moment to Remember japo kila mtu atakupa hiyo. Ni nzuri, ya 2004, Son Ye-jin ni mke kijana anayepoteza kumbukumbu na Jung Woo-sung ni fundi mjenzi, Japani waliipenda ikaweka rekodi ya muvi ya Kikorea iliyoingiza hela nyingi huko mpaka Parasite ilipokuja. Ila ina muziki mwingi, baada ya Hur Jin-ho utaiona inapiga kelele. Nenda kwanza kwenye Failan ya 2001. Choi Min-sik ni mhuni wa hovyo kabisa, mtu mzima anayedharauliwa hadi na wahuni wadogo, aliuza jina lake kwenye ndoa ya karatasi ili binti wa Kichina apate kukaa Korea. Hawajawahi kuishi pamoja siku hata moja. Binti anakufa, kwa ugonjwa, na kwa kuwa kwenye makaratasi yeye ndo mume, anaitwa akachukue mwili. Njiani anasoma barua zake na kukuta kwamba kuna mtu duniani alikuwa anamshukuru kila siku kwa wema ambao hakuwahi kuufanya. Kuna kipande amekaa kando ya bahari na barua mkononi, yule mzee wa muvi ya Oldboy, analia kama mtoto aliyenyang'anywa. Hapo mapenzi yameanza mmoja akiwa ameshakufa, na bado huwezi kusema sio mapenzi.

Baada ya hiyo, One Fine Spring Day, 2001 pia, ya Hur Jin-ho huyo huyo. Na hii ni jibu la moja kwa moja kwa "lazima mtu afe", maana hakuna mpenzi anayekufa. Jamaa anarekodi sauti, upepo kwenye mianzi, maji, theluji, anampenda dada wa redioni, na yule dada anachoka tu. Hana sababu. Mi nilipokuwa kijana niliiona inachosha, nilipoachwa nikaiona ni ya kutisha kuliko zote za kansa, kwa sababu ugonjwa angalau una mtu wa kumlaumu, huo ugonjwa wenyewe.

Sasa kuhusu shemeji. Usimlazimishe aangalie yote tena, atakaa na simu. Mrudishie pale kwenye kipande cha deki, dakika chache tu, mzee na rimoti, mpaka kijana anapochukua karatasi na kalamu. Usimwambie kitu. Halafu niandikie kasema nini.